Jimmie Rodgers: Mfanyakazi wa Reli Aliyeimbwa Kericho kwa Jina la Chemirocha

MWAKA 1950, katika kijiji cha Kapkatet, wilaya ya Kericho, wasichana wa Kikipsigis walikusanyika mbele ya kinasa sauti cha Mwingereza mmoja mpenda ngoma za Kiafrika, wakaimba wimbo wa mtu aliyeitwa Chemirocha. Aliyewaongoza alikuwa Chemutoi Ketienya. Mtu waliyemwimba hawakuwahi kumtia machoni hata siku moja. Alikuwa Mmarekani, Mzungu, mfanyakazi wa reli, na wakati huo alikuwa amekwisha lala kaburini miaka 17. Jina lake la kuzaliwa ni James Charles Rodgers. Kwao Marekani alijulikana kwa jina la Jimmie Rodgers, na leo watu wengi humhesabu kuwa ndiye baba wa muziki ule wa gitaa wa mashambani ambao wenzetu wa bara wanaupenda mno.

Msomaji wa pwani huenda akauliza: mtu huyu anatuhusu nini sisi wa udi na taarab? Anatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, sauti yake iliingia nchi hii kwa mlango wetu, kama vilivyoingia vitu vingi vya ng'ambo. Pili, hadithi yake inatufunza jambo ambalo watunzi wetu wa tenzi walilijua zamani, nalo ni kwamba wimbo ni amana, na amana haikamiliki bila ya jina la mwenyewe.

MTOTO WA NYAPARA WA RELI

Jimmie Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, karibu na mji wa Meridian katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Baba yake, Aaron Rodgers, alikuwa nyapara wa kikosi cha kutengeneza njia ya reli. Mama yake alifariki Jimmie akiwa mtoto mdogo hata hajatimiza miaka saba, na tangu hapo akawa wa kulelewa huku na huku kwa jamaa, maana kazi ya baba ilikuwa ni ya kuhama kila mara kufuata reli.

Mtoto wa namna hiyo hufunzwa na ulimwengu. Akiwa bado kijana mdogo alishinda shindano la kuimba, na ushindi huo ukampanda kichwani. Akatoroka nyumbani akafuatana na kundi la wauza dawa, wale waliokuwa wakizunguka mji hadi mji, wakiimba na kufanya vichekesho ili watu wakusanyike, kisha wawauzie chupa za dawa ya kila maradhi. Baba yake akamrudisha nyumbani na kumwandika kazi kwenye reli. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kuwapelekea wafanyakazi maji ya kunywa.

Hapo ndipo palipokuwa chuo chake. Wengi wa vibarua wa reli wa kusini mwa Marekani walikuwa watu weusi, wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa utumwani. Walipiga nyundo na kuinua vyuma kwa kuimba, mmoja akitoa na wengine wakipokea, jinsi mabaharia wetu walivyoimba wakivuta tanga au wakishusha jahazi majini. Wakati wa mapumziko walipiga gitaa na banjo. Banjo yenyewe, kwa asili yake, ilitoka katika vinanda vya Afrika Magharibi vilivyofuata kumbukumbu za watumwa ng'ambo ya bahari. Mtoto mwenye ndoo ya maji alisikiliza, akajifunza. Nyimbo zao za huzuni, ambazo Wamarekani huziita blues, zikaingia ndani yake zisitoke tena.

Alipokua, akawa mfunga breki. Kazi hii ilikuwa ya hatari. Mtu alipanda juu ya mabehewa, mvua inyeshe au theluji ianguke, akifunga breki na kuunga na kukata mabehewa. Wengi walikatika vidole, na wengine walikatika roho. Jimmie aliifanya kazi hiyo kwa miaka, mara ana kibarua, mara hana, huku gitaa likiwa begani. Mwaka 1917 alioa, lakini ndoa ile haikudumu. Mwaka 1920 akamwoa Carrie Williamson, binti wa mhubiri wa kanisa, na mwaka uliofuata wakapata binti, Anita. Mtoto wao wa pili alifariki angali mchanga mwaka 1923.

MARADHI YA KIFUA

Msiba hauji peke yake. Mwaka 1924 Jimmie alianza kutema damu, na madaktari wakamwambia kwamba ana kifua kikuu. Zama hizo maradhi hayo hayakuwa na dawa. Ile dawa ya kwanza ya sindano iliyoweza kuyaua, streptomisini, haikugunduliwa mpaka mwaka 1943. Mgonjwa aliambiwa apumzike, ale vizuri, na avute hewa safi ya milimani. Maskini mwenye mke na mtoto atapumzika vipi?

Kazi ya reli ikamshinda. Lakini kilichomfungia mlango mmoja kikamfungulia mwingine. Kwa kuwa hakuweza tena kupanda mabehewa, alibakiwa na gitaa tu na koo lake, na koo lenyewe lilikuwa juu ya mapafu yaliyooza. Mwaka 1927 alihamia Asheville, mji wa milimani katika jimbo la North Carolina, kutafuta hewa. Huko akapata nafasi ya kuimba redioni, pamoja na vijana fulani wapiga vinanda.

Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, bwana mmoja wa kampuni ya santuri ya Victor, Ralph Peer, alifika mji wa Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, akatangaza kwamba anatafuta waimbaji wa mashambani ili awanase kwenye santuri. Jimmie na wenzake wakaenda. Lakini kabla hawajaimba walizozana, wenzake wakajitenga naye. Tarehe 4 Agosti 1927 akasimama mbele ya mashine peke yake na gitaa lake, akaimba nyimbo mbili. Moja ilikuwa ya mchumba wa askari aliyekufa vitani, na ya pili ya kumbembeleza mtoto alale.

Nyimbo hizo hazikuvuma sana. Hata hivyo, mwishoni mwa Novemba mwaka huo alikwenda mwenyewe Camden, jimbo la New Jersey, palipokuwa na makao ya kampuni, akaomba kunaswa tena. Hapo ndipo alipoimba ule wimbo unaoitwa Blue Yodel. Santuri hiyo ikauzwa mno. Ndani ya miezi michache tu, mfunga breki asiye na kazi akawa mtu anayetambuliwa njiani.

SAUTI INAYORUKA

Ni kitu gani alichokuwa nacho? Sauti yake haikuwa kubwa, na mpigaji gitaa mwenye ujuzi asingemhesabu kuwa bingwa. Alichokuwa nacho ni kuruka kwa sauti. Alikuwa akiimba kwa sauti ya kawaida ya kifuani, na mwisho wa ubeti sauti hukatika ghafla, ikapanda juu, ikawa nyembamba kama ya mwanamke au ya mtoto, kisha ikashuka tena, ikapanda tena, bila ya maneno yoyote. Wachungaji wa milima ya Uswisi na Austria walikuwa wakiitana hivyo kutoka mlima hadi mlima, na waimbaji wengine wa Marekani walikwisha iga. Jimmie akaichukua sauti hiyo ya milimani akaichanganya na huzuni ya vibarua weusi wa reli. Mchanganyiko huo ndio uliokuwa wake.

Jambo hili la sauti isiyo na maneno tulishike vizuri, kwa sababu ndilo litakalotufikisha Kericho. Wimbo wenye maneno unahitaji mtu ajue lugha. Lakini sauti inayolia bila ya maneno hupita mipaka bila pasipoti.

Kwa muda wa miaka sita alinasa nyimbo zipatazo 110. Aliimba juu ya garimoshi, juu ya mtu aliyekwama njiani hana nauli, juu ya jela, juu ya mama na baba na nyumba ya utotoni. Nyimbo nyingi alizitunga kwa kusaidiwa na shemeji yake, Elsie McWilliams, dada wa mkewe, aliyekuwa akijua muziki wa kuandika, jambo ambalo Jimmie hakulijua. Mwaka 1929 alitokea katika filamu fupi iliyomwonyesha katika mavazi ya reli. Tarehe 16 Julai 1930, huko California, alinasa wimbo pamoja na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mweusi ambaye sifa zake zilienea dunia nzima, huku mke wa Armstrong, Lil, akipiga piano. Wakati ule katika majimbo ya kusini mweusi na mweupe hawakuruhusiwa kuketi benchi moja. Santuri ikatoka, lakini majina ya Armstrong na mkewe hayakuandikwa juu yake.

Pesa zilipoingia hakuziwekea kufuli. Alijenga nyumba kubwa Kerrville, Texas, penye hewa kavu inayowafaa wagonjwa wa kifua, akaishi maisha ya anasa na ulevi, na dawa na madaktari wakala kilichobaki. Nyumba ile haikudumu mikononi mwake. Lakini tusimtaje kwa mabaya tu. Mwaka 1931, ukame na njaa vilipowapiga wakulima wa kusini, alifuatana na mchekeshaji mashuhuri Will Rogers, ambaye hawakuwa ndugu licha ya majina yao kukaribiana, wakafanya maonyesho ya kuwachangia waliodhurika. Na mwaka huo huo alitoa wimbo juu ya maradhi yake mwenyewe ya kifua kikuu. Zama hizo watu waliyaficha maradhi hayo kwa aibu. Yeye aliyataja kwa jina, na maelfu ya wagonjwa wakajiona hawako peke yao.

SIKU ZA MWISHO

Mwezi Mei 1933 alikwenda New York kunasa nyimbo zake za mwisho. Alijua kwamba muda umekwisha na alitaka kuwaachia mke na mtoto chochote cha kuwasaidia. Katika chumba cha kunasia aliwekewa kitanda. Akiimba wimbo mmoja, hulala akahema, kisha huinuka akaimba mwingine. Alimaliza tarehe 24. Siku iliyofuata alikwenda matembezi ufukweni Coney Island. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei damu ilimjia, akafa katika chumba cha hoteli ya Taft, akiwa na umri wa miaka 35. Maiti yake ilisafirishwa kwa garimoshi mpaka Meridian, ikazikwa huko. Mtoto wa reli alirudi kwao kwa reli.

MBWA MMOJA, SANTURI MBILI

Sasa tuje kwetu. Wazee wa pwani wataikumbuka ile chapa ya mbwa aliyeketi mbele ya tarumbeta ya gramafoni akisikiliza sauti ya bwana wake. Chapa hiyo ilitumiwa Marekani na kampuni ya Victor, iliyomnasa Jimmie Rodgers. Uingereza na katika makoloni yake ilitumiwa na kampuni ndugu, Gramophone. Na kampuni hii ya pili ndiyo iliyomchukua Siti binti Saad wa Unguja mpaka Bombay mwaka 1928 kunasa nyimbo zake za Kiswahili, miezi michache tu baada ya Jimmie kusimama mbele ya mashine kule Bristol.

Basi mfinyanzi wa vyungu kutoka Fumba na mfunga breki kutoka Mississippi walipata umaarufu karibu wakati mmoja, kwa chombo kimoja, chini ya mbwa mmoja. Wote wawili walikuwa watu wa chini. Wote wawili waliimba habari za watu wasiokuwa na kitu. Na santuri za wote wawili zilisafiri kwa meli. Siti alifariki mwaka 1950, mwaka ule ule ambao jina la Jimmie lilikuwa likiimbwa Kapkatet.

Santuri za ng'ambo zilishuka bandarini Mombasa pamoja na nguo, baiskeli, cherehani na mafuta ya taa, zikapakiwa kwenye garimoshi kwenda bara. Reli iliyojengwa kwa jasho la vibarua kutoka Bara Hindi na la Waafrika ilipita Nairobi, Nakuru, ikafika stesheni ya Lumbwa, ambayo siku hizi huitwa Kipkelion. Hapo ndipo mizigo ya Kericho ilipoteremshwa ikapandishwa vilimani.

MILIMA YA CHAI

Msomaji anayekunywa chai yake asubuhi kwa mahamri na mbaazi anakunywa, huenda bila kujua, jani la milima hiyo. Kericho na Bomet ni nchi ya juu, baridi, yenye mvua karibu kila mwezi, na mashamba ya chai yametandazwa huko kama zulia moja la kijani lisilo na mshono. Chai hiyo huteremka mpaka Mombasa, na mnada wake umekuwa ukifanyika mjini kwetu tangu mwaka 1969.

Lakini zulia hilo lina historia chungu. Wakipsigis, ambao serikali ya Kiingereza iliwaita Walumbwa, walikuwa wafugaji wa ng'ombe wenye nchi yao. Waingereza waliwanyang'anya sehemu kubwa ya ardhi hiyo. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ardhi karibu na Kericho waligawiwa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani ili walime kitani. Kitani kikaanguka bei na mpango ule ukafa, na katika miaka ya 1920 yakaingia makampuni makubwa ya chai, Brooke Bond na James Finlay. Mwaka 1934 serikali ilitunga sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa dini ya asili, ikawapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali pa joto na malale.

Katika nchi iliyopinduliwa namna hiyo ndimo sauti ya Jimmie Rodgers ilimoingia. Njia zilikuwa nyingi. Walowezi na mameneja wa mashamba walikuwa na gramafoni katika nyumba zao. Wamisionari wa Kimarekani walikuwa Litein na Tenwek. Wahindi walikuwa na maduka katika kila kituo cha biashara. Vijana wa Kikipsigis walijiunga na jeshi la King's African Rifles, wakapelekwa vita vya mwaka 1939 hadi 1945, wakaona na kusikia mengi. Gramafoni zile za kuzungushwa kwa mkono hazikuhitaji umeme. Ilitosha mtu mmoja kuwa na mashine na santuri mbili tatu, na kijiji kizima kikasikia.

Walisikia nini? Hawakusikia Kiingereza cha Mississippi, kwa kuwa hata Mwingereza mwenyewe lahaja ile ingemtatiza. Walisikia nyuzi na sauti inayoruka. Na Wakipsigis ni watu wa nyuzi. Wana kinanda chao kiitwacho chepkong, kilicho jamaa ya nyatiti ya Wajaluo na litungu la Waluhya, ambacho hupigwa na mtu mmoja akiimba. Waliposikia gitaa la yule Mmarekani na koo lake, walimtambua kuwa ni mwenzao katika kazi. Na ikiwa tutakumbuka kwamba Jimmie alijifunza kutoka kwa wajukuu wa Waafrika, tutaona kwamba kilichofika Kericho hakikuwa kigeni kitupu.

Jina nalo likapata ulimi mpya. Lugha ya Kikipsigis haipambanui sana sauti ya j na sauti ya ch, na majina mengi ya huko huanza kwa Che: Chebet, Chelangat, Chepkoech. Jimmie Rodgers akawa Chemirocha. Sisi wa pwani hatuna haki ya kucheka, maana meza na leso tuliwatwaa kwa Wareno, tukawavika nguo za Kiswahili, na leo hakuna anayeuliza asili yao.

NUSU MTU, NUSU PAA

Aliyefika Kapkatet na mashine mwaka 1950 ni Hugh Tracey. Alizaliwa Devon, Uingereza, mwaka 1903. Alikwenda Rhodesia ya Kusini akiwa kijana kulima tumbaku pamoja na kaka yake, akapendezwa na nyimbo za vibarua wa shamba. Tangu hapo aliupa maisha yake kazi ya kunasa muziki wa Kiafrika, wakati ambapo Wazungu wengi waliuona kuwa ni makelele. Mwaka 1954 alianzisha Afrika Kusini maktaba ya muziki wa Afrika, na mpaka alipofariki mwaka 1977 alikuwa amekusanya maelfu ya nyimbo na kutoa mfululizo wa santuri zaidi ya 200.

Tracey alinasa huko zaidi ya wimbo mmoja wenye jina la Chemirocha. Ule wa wasichana, wakiongozwa na Chemutoi Ketienya na kusindikizwa na kinanda cha nyuzi, ndio uliovuka bahari. Ni wimbo mfupi sana, sauti za wasichana zikipanda na kushuka juu ya nyuzi kama ndege wa asubuhi. Katika maelezo yake Tracey alisimulia kwamba wasichana wale walimfanya Chemirocha kuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu paa, na kwamba walimwalika aje acheze ngoma yao ya kuruka. Maelezo hayo yakawapendeza mno wasomaji wa Ulaya na Marekani, na hadithi ikazunguka kwamba watu wa milimani walimwabudu Mmarekani kama mungu.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Kila mtu aliyelelewa katika taarab anajua kwamba wimbo una ndani na nje. Mshairi akimwimba paka, hakuna mtu mzima wa pwani anayedhani kwamba kweli ni paka. Kwa nini basi tuamini kwamba wasichana wa Kapkatet hawakuwa na mzaha wala fumbo? Vijana wanaocheka na kucheza, wakimbunia mgeni asiyeonekana miguu ya paa ili aweze kuruka nao, hawahitaji kudhaniwa kuwa ni wajinga wenye kuabudu santuri. Mtunzi yeyote hufanya hivyo. Na Jimmie mwenyewe aliruka kwa sauti, basi ni haki yake kupewa miguu ya kurukia.

AMANA YA MAJINA

Watunzi wetu wa tenzi walikuwa na desturi njema. Mtunzi alipofika tamati alitaja jina lake, na pengine jina la baba yake na mwaka aliomalizia kazi, akaomba dua ya msomaji. Hakufanya hivyo kwa kujivuna. Alijua kwamba maneno yatatoka mikononi mwake yaende asikokujua, na kwamba ni haki kwa anayefaidika amjue aliyemfaidisha na kumwombea.

Tukiyapima maisha ya Jimmie Rodgers kwa desturi hiyo, tutaona mapengo. Vibarua weusi waliomfunza kuimba hawakuandikwa majina yao popote. Louis Armstrong na mkewe walipiga, majina yakaachwa. Elsie McWilliams alitunga, na mara nyingi shukrani zikamwendea shemeji. Jimmie naye, aliyepata sifa zote hizo, alipofika Kericho jina lake lilipotea likawa jina jingine. Na wasichana wa Kapkatet, waliompa uhai mpya, sauti yao ilichezwa miaka mingi katika nchi za mbali, huku kijijini kwao hakuna santuri hata moja ya wimbo wao.

Deni hilo lilianza kulipwa kwa uchache mwaka 2014. Maktaba aliyoiacha Tracey, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes huko Afrika Kusini, ilishirikiana na watu wa Ketebul Music wa Nairobi kuzirudisha nyimbo hizo kwa wenyewe. Walikwenda mpaka nchi ya Wakipsigis wakiwa na nakala, wakawatafuta waimbaji na jamaa zao. Baadhi ya waliokuwa vijana mwaka 1950 walikuwa bado hai, wamekuwa wazee wenye mvi, wakaisikia sauti ya ujana wao. Miaka 64 ilikuwa imepita.

Jimmie Rodgers alipewa heshima zake kwao. Mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa watu watatu wa kwanza kuingizwa katika jumba la kumbukumbu la waimbaji mashuhuri wa muziki wa mashambani wa Marekani, na mji wa Meridian umehifadhi kumbukumbu zake. Hakupata kujua kwamba jina lake liliimbwa kwa kinanda cha nyuzi juu ya mabonde ya chai. Mtu mgonjwa aliyeimba amelala kitandani New York, akihesabu siku, hakuweza hata kuota kwamba sauti ile itashuka bandarini Mombasa, ipande garimoshi, iteremke Lumbwa, na itwaliwe na watoto wa watu wasiojua yuko wapi.

Ndivyo Mwenyezi Mungu anavyogawa rizki ya sauti, kama ya mvua. Anayeimba hajui itanyesha wapi. Sisi tunaopokea ndio tunaoweza kufanya jambo moja dogo la haki, nalo ni kuwataja walioimba. Basi nasi tuwataje: Jimmie Rodgers wa Meridian, na Chemutoi Ketienya wa Kapkatet, pamoja na wasichana wenzake walioitikia.